Picha zako za miaka yote uzitunze wapi? Maswali tunayoulizwa kila siku

Haya ni maswali tunayoulizwa na wapiga picha wa harusi na send-off, wanafamilia waliopewa kazi ya kutunza picha za ukoo, na watu wa kawaida tu ambao simu imejaa na hawajui pa kukimbilia. Majibu tumeyaandika kama tunavyoyaongea, kwa hiyo usitegemee lugha ya kitabu.

Nina haraka, niambie tu ninunue nini

Nunua eksteno (hadi diski za nje, za kuchomeka kwa USB) mbili za kampuni mbili tofauti, kila moja iwe na nafasi mara mbili ya picha ulizonazo leo. Kopi kila kitu kwenye zote mbili. Moja kaa nayo, nyingine mpelekee mtu anayeishi mbali na wewe, dada, shemeji, mama mkwe, yeyote ambaye hamgombani ovyo. Zile picha ambazo zikipotea utalia kabisa, zilipie na klaudi (hifadhi ya kwenye intaneti). Basi. Huko chini ni maelezo ya kwa nini.

Kampuni tofauti ni kwa sababu diski mbili zilizotoka kiwanda kimoja bechi moja, kama zilitoka na kasoro basi zina kasoro ileile, na zinaweza kufa wiki moja.

Hadi diski inakaa miaka mingapi?

Ya kwako hakuna anayeijua, hata aliyeitengeneza. Ila zikiwa nyingi inajulikana. Kuna kampuni ya Marekani inaitwa Backblaze, kazi yao ni kutunza data za watu, wana diski zaidi ya laki mbili zinazunguka usiku na mchana na kila robo mwaka wanatangaza ngapi zimekufa. Kwa wastani inakuwa kama asilimia 1 hadi 2 kwa mwaka, na zikizeeka namba inapanda. Unaweza kusema ah, ni kidogo. Sasa kumbuka zile zimekaa kwenye chumba cha baridi, umeme hautikisiki, hakuna mtu anayezigusa. Ya kwako inapanda bodaboda kwenye begi, inachomolewa bila kuejektiwa, mtoto anaivuta waya ikiwa inaandika, umeme unakatika katikati ya kukopi.

Sisi tunawaambia wateja hivi: diski ikifika miaka mitano, hata kama inafanya kazi vizuri, nunua mpya uhamishe, ile ya zamani ibaki kopi ya ziada. Na diski iliyofungiwa kabatini isikae mwaka mzima bila kuwashwa, ichomeke angalau mara mbili kwa mwaka, fungua folda kadhaa, angalia picha, chomoa. Diski inayogunduliwa mbovu ukiwa bado una kopi nyingine hiyo si shida, ni gharama tu. Shida ni ile inayogunduliwa mbovu siku unayoihitaji.

SSD si ndo bora zaidi? Ghali vile

Kwa kufanyia kazi ndiyo, kuedit harusi kwenye SSD (diski isiyo na kitu kinachozunguka ndani) ni raha. Kwa kufungia kabatini miaka kumi hapana. SSD inashika data kwa chaji ndogo ndogo za umeme, na ikikaa bila kuwashwa zile chaji zinavuja polepole, joto likiwa kali zinavuja haraka zaidi. Kiwango cha kimataifa cha JEDEC kinataka SSD ya mtumiaji wa kawaida, ikiwa imeshafika mwisho wa kuandikwa kwake, ishike data mwaka mmoja tu ikiwa imezimwa kwenye nyuzi 30. Mpya inashika muda mrefu zaidi ya hapo, usiogope, lakini nyuzi 30 kwa Dar mwezi wa pili hiyo ni ndani ya nyumba feni ikiwa inazunguka. Afu kitu kingine, hadi diski mara nyingi inatoa dalili kwanza, inapiga kelele, inakuwa nzito, SSD inaweza kuzima tu kimya leo kesho haionekani kabisa.

Na flashi? Memori kadi?

Hizo ni za kubebea tu. Picha ikae humo siku mbili tatu, iondoke.

Na kabla hujaiamini hata hizo siku mbili, ipime. Ukikuta flashi imeandikwa terabaiti 2 inauzwa bei ya chipsi kuku, ndani ina 32GB, programu yake imechezewa ili kompyuta ione 2TB. Ubaya wake haikatai. Unakopi, inasema imemaliza, majina ya mafaili unayaona yote, thambuneili nyingine unaziona, ukizifungua za mwanzo ziko poa na zinazofuata zote hazifunguki, kwa sababu ikishajaa 32 za kweli inaandika juu ya zilizotangulia au inatupa hewani. Kuna programu ya bure ya Windows inaitwa H2testw, inajaza flashi yote halafu inasoma tena kuona kama kilichoandikwa kipo. Linux na Mac ipo F3. Inachukua masaa, iache usiku. Muuzaji akikataa usipime, umeshapata jibu.

Mimi nipo Google Photos, si inatosha?

Hili ndo tunaulizwa kuliko yote, na jibu linawaudhi watu.

Kwanza, ile ya bure bila kikomo iliisha tarehe 1 Juni 2021. Tangu hapo kila picha inahesabiwa kwenye zile 15GB ambazo unagawana na barua pepe zako na Google Drive. Pili, kama umechagua mpangilio wa kuokoa nafasi, picha zako zinabanwa na zinazozidi megapikseli 16 zinapunguzwa, kwa hiyo usiseme una orijino, huna. Tatu, na hii inaumiza watu wengi, Google Photos inaenda sambamba na simu. Ukifuta picha kwenye app ili upate nafasi, inafutika na huko juu, inakaa kwenye pipa la taka siku 60 halafu kwaheri. Kuna njia sahihi ya kupunguza, inaitwa kuachia nafasi, inatoa za kwenye simu tu. Watu wanabonyeza kufuta.

Nne, akaunti ambayo haijaguswa miaka miwili Google wanaweza kuifuta na vyote vilivyomo, walianza kazi hiyo Desemba 2023. Fikiria ile akaunti ya marehemu baba ambayo kila mtu anajua picha zipo "kwenye Gmail ya mzee".

Na hawa wa bure hawana mkataba na wewe. Flickr waliponunuliwa na SmugMug 2018 walitangaza akaunti ya bure mwisho picha 1,000, waliozidi wakaambiwa walipie au wapakue kabla hazijafutwa. MySpace ndo kabisa, 2019 walikiri kwamba walipohamisha seva vitu vingi vya watu vilivyowekwa kabla ya 2016 vimepotea, picha, video, nyimbo.

Itumie, mimi mwenyewe naitumia, kutafuta picha kwa sura ya mtu hakuna kama hiyo. Ila iwe kopi moja kati ya kadhaa. Na mara moja kwa mwaka pakua zote kwa Google Takeout. Usishtuke ukikuta pembeni ya picha kuna vifaili vidogo vya JSON, usivifute, humo ndo kuna tarehe na maelezo uliyoyaandika.

Basi klaudi ya kulipia. Bando itatosha?

Tupige hesabu. Una terabaiti 1 na intaneti yako inapandisha megabiti 10 kwa sekunde. Inachukua siku 9 na ushee, usiku na mchana, bila kukatika hata dakika. Kwa bando la simu sahau. Kwa faiba ya nyumbani inawezekana ila anza na za muhimu, sio na video za kitchen party za watu usiowajua.

Bei zinatofautiana sana. Google One ya 2TB kwa Marekani ni dola 9.99 kwa mwezi, huku kwetu angalia bei inayokuja kwenye simu yako. Backblaze nao wana klaudi yao, B2, mwaka 2024 ilikuwa dola 6 kwa terabaiti kwa mwezi. Amazon wana Glacier Deep Archive, kama dola 1 tu kwa terabaiti, watu wanaruka kwa furaha, hawasomi kwamba kuomba picha zako zirudi kunaweza kuchukua saa 12 na kuzitoa terabaiti nzima kunaweza kugusa dola 90. Kwa bima ya moto si mbaya, kwa mtu anayetaka kuangalia picha Jumapili na wajukuu haifai.

Na kadi ya benki ikiisha muda, malipo yanakataa, wanakutumia barua pepe ambayo huisomi... unajua mwisho wake.

Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, Tanzania intaneti ikawa ya kuombea. Siku hiyo mteja akitaka albamu na wewe kila kitu kiko klaudi unamwambia nini? Na wenye seva nao wanaungua: Machi 10, 2021 jengo la OVH pale Strasbourg, Ufaransa, liliteketea, na waliokuwa hawana bakapu kwingine walipoteza moja kwa moja. Klaudi ni kompyuta ya mtu mwingine iliyo mahali fulani, na mahali panaungua.

Hii sheria ya 3-2-1 ndo nini?

Iliwekwa hivyo na mpiga picha Mmarekani, Peter Krogh. Kopi tatu, kwenye aina mbili za vifaa, moja iwe nje ya nyumba. Sisi tunaongeza yetu: angalau moja iwe imechomolewa. Kuna virusi vinafunga mafaili yote vinadai pesa, na vinafunga kila kilichochomekwa kwenye mashine pamoja na ile eksteno unayoiita bakapu.

Nje ya nyumba maana yake nje kweli. Kopi moja Kigogo nyingine Jangwani, mto Msimbazi ukijaa umezikosa zote mbili.

Nikinunua NAS yenye RAID si nimemaliza?

Hapana. NAS ni sanduku la diski kadhaa linalokaa kwenye mtandao wa nyumbani au ofisini, na RAID ni namna diski hizo zinavyoshirikiana, moja ikifa kazi isisimame. Ukifuta folda kwa bahati mbaya inafuta kwenye diski zote kwa uaminifu mkubwa. Mwizi akiibeba anaibeba yote. Kwa studio yenye wafanyakazi watatu wanne ni kifaa kizuri, ila na yenyewe inahitaji bakapu.

DVD je? Nasikia kuna zinazokaa miaka elfu

DVD za kawaida za kuchoma zina rangi ya kemikali ndani inayopauka, na za bei rahisi nyingine hazifiki hata miaka kumi kwa joto letu. Hiyo ya miaka elfu ni M-DISC, inachongwa kwenye tabaka gumu badala ya rangi, na miaka elfu ni madai ya watengenezaji, hakuna aliyeishi kuthibitisha. Zipo za bluu-ray za GB 25 na GB 100. Kitu ni kizuri, ila jiulize miaka 20 ijayo draivu ya kuisomea utaitoa wapi wakati laptopu za leo tayari hazina. Ukiamua kutumia, weka picha chache bora za familia, na nunua draivu mbili.

Kuna na mikanda ya LTO, wanayotumia mabenki na televisheni. LTO-9 moja inabeba terabaiti 18. Mkanda wenyewe sio ghali, mashine yake ni maelfu ya dola. Tuipite.

Naishi pwani, unyevu na chumvi. Niweke wapi?

Tanga, Dar, Unguja, Mombasa, wote mna tatizo moja, ule ukungu unaoota kwenye lenzi unakwambia hali ya chumba chako. Chukua kontena la plastiki la kufunga kwa klipu, lile la kuwekea chakula, weka diski ndani na pakiti za silika jeli, zile unazokuta kwenye viatu vipya (zikishalowa hazisaidii, badilisha). Liweke kabati la chumba cha ndani, juu ya usawa wa goti kwa ajili ya mafuriko, mbali na jiko na mbali na ukuta unaopigwa jua la mchana. Juu ya friji hapana, kuna joto na mtikisiko. Kwenye gari hapana kabisa. Na diski iliyotoka chumba chenye AC kali usiichomeke hapohapo ukifika kwenye joto, iache nusu saa isije ikawa imetoka jasho ndani.

Umeme ukikatika inaharibika?

Inaweza, hasa ikiwa inaandika. Laptopu ina betri, kwa hiyo eksteno ndogo inayokula umeme kwenye USB iko salama kidogo. Kompyuta ya mezani na zile eksteno kubwa zenye adapta yake zinataka UPS (betri ya akiba ya kompyuta). Hatari zaidi ni umeme unaporudi kwa kishindo. Na kopi kubwa usianze kukiwa na wingu la radi.

Nitajuaje kama picha zimeoza kimya kimya?

Umewahi kufungua picha ukakuta nusu ya juu bibi harusi anatabasamu, nusu ya chini kijivu tupu au mistari ya zambarau? Ndo hiyo. Faili lina jina, lina ukubwa uleule, tarehe ileile, ndani limeharibika. Na ukiwa unakopi bakapu juu ya bakapu kila mwezi, unaweza kufuta nzuri kwa kuandika mbovu juu yake.

Dawa ni heshi. Programu inasoma faili zima inatoa namba ndefu, kama alama ya kidole, biti moja ikibadilika namba inabadilika yote. Ukimaliza kupakua harusi, tengeneza orodha ya heshi (SHA-256 inatosha), iache ndani ya folda ileile. Mwakani unailinganisha. HashMyFiles ni ya bure na haitaki utaalamu. Kwenye kukopi tumia TeraCopy uwashe kuhakiki, au FreeFileSync uchague kulinganisha yaliyomo badala ya tarehe. Inachukua muda, ndiyo. Nenda kanywe chai.

Na afya ya diski yenyewe iangalie kwa CrystalDiskInfo. Ikionyesha njano, na ukaona namba kwenye mstari wa sekta zilizohamishwa au zinazosubiri, hiyo usiiwekee kitu kipya, itoe picha leo.

Nitunze RAW au JPEG?

Za kazi muhimu tunza zote mbili. JPEG ipo tangu 1992 na kila kifaa duniani kinaifungua, ndo maana sisi tunaiamini zaidi kwa miaka mingi. RAW, yaani picha ghafi kama ilivyotoka kwenye kamera, kila kampuni ya kamera ina yake, miaka 25 ijayo programu ya kuifungua inaweza isiwepo, kwa hiyo wengine wanageuza kuwa DNG, RAW ya wazi isiyofungwa na kampuni moja ya kamera. Watu wa iPhone, simu zenu tangu 2017 zinapiga HEIC (aina nyingine ya faili la picha), mkihifadhi tengenezeni na JPEG.

Hili si jambo la kufikirika. BBC 1986 walikusanya picha na maandishi ya Uingereza nzima wakaweka kwenye diski kubwa za leza. Haikufika miaka 20, mashine za kuzisoma zikawa za kutafuta kwa tochi, ikabidi wataalamu waingie kazini kuokoa. Diski zenyewe zilikuwa nzima!

Picha zangu zote ziko kwenye magrupu ya WhatsApp

Hizo zimebanwa. Mwombe aliyepiga akutumie kama dokumenti au akupe kwenye kadi. Akikosa, tunza hizo hizo, picha ndogo ya shangazi ni bora kuliko kutokuwa nayo.

Folda niziiteje?

Mwaka kwanza, mwezi, siku, halafu tukio na mahali: 2023-08-12 Harusi ya Asha Morogoro. Zinajipanga zenyewe. Folda inayoitwa "Mpya mpya 2 final" mrithi wako ataifuta.

Picha za wateja nikae nazo mpaka lini?

Iandike kwenye mkataba, miezi 12 au chochote mnachokubaliana, na umkumbushe kabla ya kufuta. Ukitaka kukaa nazo zaidi au kuzitumia kwa matangazo omba ruhusa kwa maandishi, Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi iliyoanza kutumika Mei 2023, Kenya wana yao ya 2019.

Nina albamu za bibi, nikishaziskani nitupe karatasi?

Weee, usithubutu. Nenda Mji Mkongwe Zanzibar uingie Capital Art Studio, ilifunguliwa 1930, utakuta picha za zamani nyeusi na nyeupe unazishika mkononi bila kuhitaji kebo wala paswedi. Skani kwa dpi 600 (nukta kwa inchi), tunza TIFF (faili kubwa lisilopunguza ubora) kwa akiba na JPEG ya kutumiana, na nyuma ya picha nako piga, kuna majina na tarehe zilizoandikwa kwa peni. Na kwa upande mwingine, kila mwaka chagua picha kumi ishirini za simu uzisafishe kwenye karatasi. Kaa na bibi awataje watu wote wangali wanatajika.

Nikifa nani atazifungua?

Google wana mipangilio ya akaunti isiyotumika, unachagua miezi 3 hadi 18 ya ukimya na watu wa kupewa, hadi kumi. Apple wana mtu wa urithi. Eksteno ukiifunga kwa paswedi, iandike kwenye karatasi ukae nayo mahali pa hati ya kiwanja. Familia nyingi zinajua hati iko wapi.

Diski imeanza kugonga tik tik tik

Chomoa sasa hivi. Usiwashe tena kujaribu, kila ukiwasha kile kichwa cha kusomea kinaweza kukwaruza sahani. Usiiweke kwenye friza, huo ushauri ni wa zamani na unaleta maji ndani. Fundi anayetaka kuifungua mezani hapo dukani feni ikipuliza, mkimbie, inafunguliwa kwenye chumba kisicho na vumbi na bei yake inazidi diski kumi mpya.

Ile ya zamani niitupe tu?

Kama inawaka, iandike yote upya kwanza, fomati ya haraka haifuti kitu, kuna watu wanazinunua na kuzirudisha. SSD tumia programu ya kampuni yake ya kufuta. Kama haiwaki kabisa, ifungue na bisibisi ya nyota, toa zile sahani uzikwaruze au uzivunje, nyingine ni za kioo kwa hiyo vaa miwani. Na zile sumaku zilizomo ni kali, angalia vidole.